Ng'ombe wa Mahari na Kijiti cha Mazutu

Nyinyi munaoendesha magari ya siku hizi, yale yenye taa ya kuwaka na kengele ya kulia mazutu, yaani dizeli, ikipungua, hebu simamisheni motere kidogo munisikilize. Nimeshika usukani zaidi ya miaka thelathini kati ya Uvira na Kamanyola. Shule niliishia mwaka wa tatu wa primeri, na siyo mimi niliyechoka, ni mwalimu. Lakini nyumba yangu ya matofali iko pale Kavimvira, niliijenga kwa usukani, na sikuona diplome ya muntu yeyote ikija kunibebea tofali. Kwa hiyo nikisema jambo la gari, musinikatize.

Jambo lenyewe ni hili: ule mshale wa mafuta kwenye tablo, pale mbele ya usukani, haupimi mafuta. Ndani ya tangi kuna boya dogo, kama yale ya nyavu za wavuvi wetu, linaelea juu ya mazutu. Boya likipanda, mshale unapanda, likishuka, unashuka. Sasa chukua boya hilo ulitembeze kwenye barabara yetu. Linarukaruka kama mutoto aliyebanwa na mkojo. Mshale unakuambia tangi imejaa, unakuambia robo, unakuambia hakuna kitu, yote hayo kabla hujamaliza shimo moja. Muntu akiniambia mshale unaonyesha robo, swali langu ni moja: ulikuwa ndani ya shimo ao nje?

Gari yangu ya kwanza ilikuwa kamiyoneti ya bluu, na mshale wake ulikufa wima, katikati kabisa. Miaka tisa gari ile ilikuwa na nusu tangi. Abiria waliipenda. Kulikuwa na mama mmoja muuza ndagala, wale samaki wadogo wa ziwa, Mama Sifa, kila asubuhi anakaa mbele karibu yangu, anatazama tablo, anatikisa kichwa kwa furaha. "Shofere huyu si wa kubabaisha," anawaambia wa nyuma. "Kila siku iko na nusu yake."

Siku moja mazutu ikatuishia karibu na Kiliba. Nikaomba watu washuke tusukume. Wote wakashuka, Mama Sifa akabaki.

"Mama, shuka, tusukume."

"Kusukuma nini? Nusu si ile pale?"

"Mama, mshale ule ulikufa."

"Umekufa leo?"

"Tangu zamani."

"Basi weye ndiye ulikuwa unanidanganya, siyo mshale. Sishuki. Sukumeni na minye ndani."

Tulimsukuma na ndagala zake. Kutoka siku hiyo nilibandika kipande cha kalenda juu ya mshale, nikafikiri nimemaliza maneno. Nilikosea. Muntu akiona mshale umelala anaogopa kidogo. Akiona umefichwa anaogopa sana. Wamama wa kwaya walianza kuomba kwa sauti tangu parkingi, na abiria mpya akiingia anaona watu wamefumba macho, anashuka palepale. Nikakibandua. Kumbukeni hilo: usimfiche abiria kitu ambacho yeye mwenyewe hakijui. Atajitengenezea kibaya zaidi.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Muzee Kashindi, shofere mkubwa wa wakati wake, muntu mufupi aliyekaa juu ya mto ili aone barabara. Hakujua kusoma hata herufi moja. Litre hakuziamini. Alisema litre ni neno la mwenye kuuza, mwenye kuendesha anahitaji neno lingine. Neno lake lilikuwa kijiti.

Kilikuwa kijiti cha mti mugumu, urefu wa mkono mpaka kiwiko, laini kwa kushikwa. Alikuwa anakitumbukiza kwenye tangi mpaka kigonge chini, anakitoa, anatazama kimelowa mpaka wapi. Juu yake alikuwa amechoma alama kwa musumari wa moto, na alama zile hazikuwa litre. Zilikuwa vijiji. Ya chini kabisa ilikuwa muhogo: hiyo ni Runingu. Ya pili suke la mpunga: Sange. Ya tatu mkungu wa ndizi: Luvungi. Ya juu ilikuwa vilima vitatu: Kamanyola. Kijiti kikilowa mpaka kwenye mpunga, utafika Sange. Kikilowa mpaka kwenye vilima, utafika Kamanyola. Hakuna hesabu. Namna gani hesabu itaingia wakati kijiji kimechorwa pale?

Alinipa sheria zake mbili. Ya kwanza, kijiti kinafutwa kwa kitambaa kikavu kabla ya kuingizwa, la sivyo unasoma mazutu ya jana. Ya pili, kinaulizwa mara moja tu, asubuhi, gari ikiwa imesimama mahali pa usawa. Usikiulize njiani. "Ukikiuliza mara mbili," alisema, "umeshaanza kuogopa, na shofere mwenye woga anakanyaga freni hovyo, na freni inakula mazutu." Sikumuelewa vizuri, lakini nilimtii. Alipoacha kazi alinipa kijiti kile mbele ya mashofere wote, kama vile wanavyotawaza muntu. Niliendesha nacho kamiyoneti ya bluu, ya aina moja na gari yake, miaka mingi, na isipokuwa siku ile ya Mama Sifa, ambayo nilikuwa nimekisahau nyumbani, hakikunidanganya hata mara moja.

Sasa sikilizeni nilivyopata aibu.

Kamiyoneti ya bluu ilipochoka niliiuza, nikanunua nyingine, nyeupe, iliyotembea kidogo. Niliipa jina Shemeji, kwa sababu ilikuwa nzuri kwa kutazama na sikujua inaficha nini. Mshale wake ulikuwa mzima, unacheza. Mimi miaka yote nilizoea mshale maiti. Huu wa kuchezacheza ulinikera. Nikaendelea na kijiti changu. Wiki ileile ya kwanza, Bizimana akanikodi.

Bizimana ni mwalimu wa primeri hapa Uvira, kijana mutaratibu, anaongea kama anayeandika ubaoni. Alikuwa anataka kumuoa Neema wa Kamanyola. Baba ya Neema alishakufa, aliyemulea ni baba yake mkubwa, Muzee Kalinda, na Muzee Kalinda si muntu wa kuchezewa. Mara ya kwanza upande wa Bizimana ulimpelekea ng'ombe wa mahari kwa miguu kutoka milimani. Ng'ombe alifika anachechemea, kwato zimevimba, vumbi mpaka kwenye kope. Muzee Kalinda alimtazama, akasema: "Kama hivi ndivyo munatembeza ng'ombe, mutoto wangu mutamtembezaje?" Akawarudisha.

Wakaomba mara ya pili. Akakubali, kwa sharti: ng'ombe aje kwa gari, asikanyage barabara, na afike kabla ya saa sita ya muchana. Saa sita atasimama kutoka kwenye kiti, na akisimama maneno yamekwisha, kwa sababu saa nane kuna watu wengine wanakuja na maneno yao. Wengine hao walikuwa wa mufanyabiashara mmoja mwenye duka. Neema hakumtaka, lakini baba mkubwa hakuwa amemuuliza Neema.

Asubuhi nilifuta kijiti, nikakitumbukiza kwenye tangi ya Shemeji. Kikatoka kimelowa mpaka kwenye vilima vitatu na kupita kidogo. Kamanyola, bila wasiwasi. Bizimana alikuwa amevaa kostimu ya rangi ya krimu, shati jeupe. Akainama kutazama tablo.

"Papa, mshale uko kwenye robo."

"Mwalimu, weye unafundisha hesabu?"

"Ndiyo, Papa."

"Basi leo umepumzika."

Tulimpakia ng'ombe Runingu. Muzee Rugaza, mujomba wa Bizimana, ndiye aliyemteremsha kutoka milimani mpaka hapo polepole, kwa siku mbili, akipumzika naye kila penye majani. Muzee Rugaza ni mufugaji, mrefu, fimbo begani, kofia haitoki. Ng'ombe alikuwa mzuri, siwezi kukataa: mwekundu, pembe ndefu, macho kama ya muntu aliyesoma. Tulimtandikia majani nyuma, tukafunga mbao pembeni. Mwalimu akakaa mbele na mimi, Muzee Rugaza akasimama nyuma na ng'ombe, akimsemesha.

Hapo ndipo mshale ulipopata wazimu. Ng'ombe mkubwa akisimama nyuma ya kamiyoneti, gari inalala upande aliko. Ng'ombe akihamia kushoto, mazutu yote inakimbilia kushoto, boya linapanda, mshale unaruka mpaka nusu. Akihamia kulia, mshale unaanguka chini kabisa na taa nyekundu inawaka. Mwalimu alikuwa anatazama tablo kama muntu anayetazama mechi.

"Papa, hakuna kitu!"

"Ngoja ageuke."

Ng'ombe anageuka.

"Papa, nusu!"

"Umeona? Tumetajirika."

"Papa, haiwezekani tuongeze mafuta kwa kugeuza ng'ombe."

"Mwalimu, mimi nimekuambia mafuta iko ya kutosha. Anayekuambia haitoshi ni nani? Ni ng'ombe. Na weye unamuamini."

Mwalimu akarudisha macho kwenye tablo. Ndiyo ubaya wa kusoma sana. Nami niwaambie ukweli, vijana: bila ng'ombe yule ningeuamini mshale. Ulikuwa na haki tangu asubuhi. Lakini ukiona shahidi anabadilisha maneno kila baada ya dakika mbili, hata siku anayosema kweli humsikii.

Sange tukapita. Muzee Rugaza akagonga paa la gari nisimame. Akashuka, akainama chini ya gari, akaigonga tangi kwa vidole mara tatu, akaweka sikio, vile anavyopima tumbo la ng'ombe.

"Inasema nini?" nikamuuliza.

"Ina hewa. Angekuwa ng'ombe, ningempa chumvi."

"Muzee, panda tuende."

Luvungi mama mmoja muuza mazutu alikuwa amepanga madumu yake ya njano chini ya mwavuli. Alinijua. Akasimama akapunga funeli. "Shofere! Weka hata dumu moja, barabara ni ndefu!" Nikapunga mkono kama gavana, sikupunguza mwendo. Kijiti kilishasema vilima. Kusimama kuongeza mazutu ni kumtukana Muzee Kashindi.

Sasa muelewe kosa langu, kwa sababu ninyi mutalifanya kwa namna yenu. Tangi ya kamiyoneti ya bluu ilikuwa pana, imelala kama beseni. Tangi ya Shemeji ilikuwa nyembamba, imesimama kama dumu. Mazutu ya kina cha kidole kimoja ndani ya beseni inakupeleka mbali. Mazutu ya kina hichohicho ndani ya chupa haikutoi sokoni. Kijiti kilikuwa kinapima kwa haki kabisa, lakini kilikuwa kinapima gari niliyouza.

Tulipita Katogota. Kwa mbele tukaanza kuona mabati ya Kamanyola yanang'aa na milima nyuma yake. Simu ya mwalimu ikalia. Ni Neema, anaongea kwa kunong'ona, mwalimu akaiweka sauti juu.

"Muko wapi?"

"Tunaona mabati."

"Baba mkubwa ameomba maji ya kunawa uso."

"Tunafika, Neema."

Shemeji ikakohoa. Ikakohoa tena. Ikavuta mwendo mara moja kwa nguvu, kama muntu anayeamka kitandani kuaga watoto, halafu ikanyamaza. Tukateleza pembeni polepole, tukasimama. Kilichobaki ni sauti ya ng'ombe anayetafuna.

Nikatazama mshale. Ng'ombe alikuwa upande wa kushoto. Boya lilikuwa limenasa juu: nusu tangi.

Pikipiki hazikukawia, njia ile haikosi pikipiki. Wanne wakasimama wakatuzunguka, na mkubwa wao, kijana wa miwani myeusi anaitwa Faida, akacheka kabla hajazima motere.

"Muzee, gari yako imeishiwa majani?"

"Mazutu."

"Sisi tuko na esanse tu, petroli ya pikipiki."

Hapo ndipo munatakiwa kujua gari, siyo kuikalia tu. Gari ya mazutu ukiitia esanse unaiua. Tena motere ya mazutu ikikauka inavuta hewa kwenye mirija yake, na hata ukiletewa dumu zima haiwaki mpaka ulegeze skurubu, upampu kwa mkono mpaka hewa yote itoke. Saa nzima, kama fundi ana bahati. Nikatazama simu ya mwalimu. Zilibaki dakika arobaini.

Faida akapima hali kwa macho. "Ni rahisi. Tunavuta gari kwa pikipiki. Mushusheni ng'ombe atembee pembeni, gari iwe nyepesi."

"Ng'ombe hashuki," Muzee Rugaza akasema kutoka juu.

"Muzee, ni kilometa mbili tu. Hakuna anayeona."

"Tulimuahidi muntu hatakanyaga barabara."

"Muntu mwenyewe hayuko hapa!"

"Ndiyo maana." Akavua kofia yake, mara ya kwanza naona kichwa chake, akaifunga kwenye pembe ya ng'ombe ili jua lisimpige, akaruka chini. "Nitatembea mimi."

Tukafunga pikipiki nne kwa kamba kwenye bampa ya mbele. Kamba hazikutosha, Muzee Rugaza akatoa ile ya ng'ombe. Mimi kwenye usukani, Muzee Rugaza akisukuma pembeni penye mlango, mwalimu akisukuma nyuma kwa mabega yote mawili, na kostimu yake. Faida akapiga kelele: "Moja, mbili, Kamanyola!" Pikipiki zikalia, matairi yakazunguka yakichimba mchanga, moshi ukatufunika wote. Gari haikwenda. Ng'ombe akaingiwa na hofu, akafanya haja kubwa. Nyuma ya ng'ombe alikuwa mwalimu.

"Hama kidogo!" nikamwambia kupitia kioo.

"Nikihama inasimama, Papa!"

Na kweli ilikuwa imeanza kwenda.

Hivyo ndivyo tulivyoingia kilometa ya kwanza. Watu wakatoka mashambani. Mwanamke mmoja akauliza ni msafara wa nani, Faida akamjibu, "Wa madamu aliye nyuma." Watoto wa shule wakaimba. Kila baada ya mita mia pikipiki moja inapata joto, inabidi tusimame. Na kila tukisimama simu inalia, mwalimu anaitoa mfukoni kwa vidole viwili.

"Baba mkubwa amevaa koti."

"Vuteni!"

Halafu: "Amevaa kiatu kimoja."

"Vuteni, jamani!"

Mwisho Neema kwa sauti ndogo sana: "Kiatu cha pili nimekikalia."

Faida aliposikia hilo alivua miwani. Akawageukia wenzake, mzaha wote umemtoka: "Binti amekalia kiatu cha baba yake mkubwa. Mukisimama tena minye siwajui." Hawakusimama tena.

Nyumba ya Muzee Kalinda iko chini ya kiteremko kidogo, na kiteremko hicho hakuna aliyenitajia. Motere ikizimika kwenye gari kama ile, freni inakuwa ngumu kama kukanyaga jiwe, na usukani unakataa kugeuka. Musijaribu kamwe kuteremka motere imezimwa eti munabana mafuta. Mimi siku ile sikuwa nabana, sikuwa nayo. Shemeji ilipoonja mteremko ikaanza kukimbia peke yake. Ikazifikia pikipiki. Ikazipita. Sasa mimi ndiye nilikuwa navuta pikipiki nne, mashofere wake wamekaza freni na kupiga kelele, ng'ombe na kofia yake akilia juu, mimi nimesimama kwenye freni kwa miguu miwili. Faida alichomoa kisu akakata kamba. Tuliingia kwa Muzee Kalinda bila sauti ya motere hata kidogo, tukapita katikati ya viti vya plastiki walivyopangiwa wageni, tukasimama kwenye lundo la mchanga wa kujengea, hatua mbili mbele yake.

Alikuwa amekaa. Kiatu kimoja mguuni, mguu wa pili soksi.

Muzee Rugaza alifika anahema, akasimama wima, akaanza maneno ya adabu: "Muzee wetu, tulizima motere kwa heshima, ili ng'ombe asisumbuliwe na..."

Muzee Kalinda aliinua kidole. Akasimama. Nikaona mwalimu amefumba macho, maana akisimama maneno yamekwisha. Lakini hakuondoka. Alichuma unyasi mrefu penye ukuta, akaja mpaka kwenye gari na kiatu kimoja, akafungua kifuniko cha tangi, akauingiza mpaka chini. Akautoa. Akaunusa.

"Kavu," akasema. "Nani shofere?"

Vijana, mimi ni muntu wa majivuno, muko munajua. Maneno ya Muzee Rugaza yalikuwa tayari mdomoni pangu, ningeyamalizia vizuri kuliko yeye. Lakini nilimuona mwalimu alivyo, kuanzia kola mpaka kwenye viatu.

"Minye," nikasema. "Mshale uliniambia hapana, kijiti kikaniambia ndiyo. Nikachagua kilichonipendeza. Hawa hawana kosa."

"Iliwaishia wapi?"

"Kule, baada ya Katogota."

"Na ng'ombe?"

"Hakushuka."

Akatazama kwato. Zilikuwa safi, na majani ya Runingu katikati. Akatazama kofia kwenye pembe, na kichwa cha Muzee Rugaza kilichoiva kwa jua. Mwisho akamtazama mwalimu.

"Huyu aliyepakwa ndiye anayemtaka Neema?"

"Ndiye."

"Alikuwa anasukuma wapi?"

"Nyuma ya ng'ombe."

"Na hakuhama?"

Faida akadakia, bila kuulizwa: "Muzee, tulimuomba! Akakataa, eti akihama gari inasimama."

Muzee Kalinda akautupa ule unyasi. Halafu akageuka kuelekea nyumbani. "Neema! Mupe muntu huyu maji aoge. Halafu umuletee kiti. Na kiatu changu, ukimaliza kukikalia."

Wamama wakapiga vigelegele. Wale wa saa nane walipigiwa simu wasije. Kazi pekee iliyobaki ilikuwa kumshusha ng'ombe. Alikuwa ameshazoea gari, alikataa, ilichukua wanaume sita na mkungu mzima wa ndizi.

Kijiti cha Muzee Kashindi nilikiacha siku ileile. Mke wangu anakorogea nacho uji. Nilichonga kingine kwa ajili ya Shemeji, nikajaza mazutu kidogo kidogo, nikaendesha mpaka kijiji, nikatia alama, nikarudia. Wiki mbili kazi hiyo. Ndiyo kazi munayotakiwa kuifanya na gari yoyote mpya, hata ile yenye kengele, kabla hamujaiamini na muntu ndani.

Harusi ilifanyika Kamanyola, kubwa kweli. Neema alikuja kanisani kwa pikipiki ya Faida, nguo nyeupe imefungwa kiunoni isinaswe na gurudumu, ndivyo alivyotaka Muzee Kalinda mwenyewe. Mimi nilipata barua ya mwaliko yenye jina langu, nikasomewa. Chini kabisa walikuwa wameandika kwa mkono: aje, akae mbele na wazee, ila gari yake ibaki Uvira.

Nilikwenda kwa basi. Nililipa kama muntu yeyote, nikakaa karibu na shofere, na njia nzima sikumuuliza habari ya mafuta.